UMRI WA MAMA ZETU: WAZIDI AU WAPUNGUA?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Kinondo, Kwale)



Twajua wengine mmetoka zamu ya usiku hotelini na hamjalala, na wako mama karanga hapa ambao wameacha samaki jikoni na kumwachia jirani. Kwa hiyo hatutawakalisha sana.

Katika mikutano yetu tumezoea kusema habari za mishahara, saa za kazi na likizo. Leo tumeagizwa kusema habari ya umri wa mwanamke: anaishi miaka mingapi, miaka hiyo yazidi au yapungua, na jambo hilo lakihusu nini chama cha wafanyakazi.

Tulipotangaza mkutano huu, mzee mmoja wa hapa alituuliza, "Umri ni wa Mwenyezi Mungu. Nyinyi mnahesabu nini?" Akatukumbusha ya kwamba jitihada haiondoi kudura. Tulimjibu kwa heshima kuwa maneno yake ni ya kweli, ila hatujapata kusikia mzee yeyote akisema kudura iondoe jitihada. Siku ya kufa hatuijui. Lakini barabara ya kwenda hospitali, chandarua cha mbu, mkunga aliyesomea kazi, na ruhusa ya kupumzika baada ya kujifungua, hayo yamo mikononi mwetu wanadamu, na yakikosekana sisi ndio wa kuulizwa.

MAANA YA HESABU HII

Kwanza tufahamiane juu ya hesabu yenyewe, maana huwapoteza wengi. Mtu akisikia kuwa zamani wastani wa umri ulikuwa miaka 45, hudhani ya kuwa watu wote walikufa wakiwa na miaka 45. Sivyo. Hata zamani wazee walikuwako, na nyinyi nyote mwawakumbuka mabibi waliozeeka sana.

Chukueni mfano. Wamezaliwa watoto wa kike 10. Watatu wakafa wachanga, kila mmoja wa mwaka 1. Saba waliobaki wakaishi mpaka miaka 65. Jumlisheni miaka yote: ni 458. Gawanyeni kwa 10: wastani ni karibu miaka 46. Sasa chukueni watoto wengine 10, na safari hii afe mchanga mmoja tu, na tisa wafike 65. Jumla ni miaka 586, na wastani ni karibu miaka 59. Mwaona? Hakuna mzee aliyeongezewa hata siku moja, na wastani umepanda kwa miaka 13, kwa sababu watoto wawili hawakuzikwa.

Kwa hiyo wastani wa umri si utabiri wa kufa kwa mtu. Ni kipimo cha hali ya nchi. Hutuonyesha ni watoto wangapi wanaokua, ni mama wangapi wanaopona uzazini, na ni wazee wangapi wanaopata dawa.

WENZETU WA ULAYA WALIANZIA WAPI

Wengi wetu hapa tunawahudumia wageni wa Ulaya. Twaona mabibi wa miaka 80 wanashuka kwenye gari, wanaogelea, wanakwenda kutazama Kaya Kinondo na kurudi kwa miguu yao. Kisha twasema, "Wazungu wameumbwa hivyo." Tutazame kama ni kweli.

Nchi ya Uswidi, kaskazini ya Ulaya, ina hesabu za zamani kuliko nchi nyingi. Tangu mwaka 1749 makasisi wao walitakiwa kuipelekea serikali idadi ya waliozaliwa na waliokufa. Kwa hesabu hizo twajua ya kuwa mwaka 1840 wanawake wa Uswidi ndio walioishi miaka mingi kuliko wote katika nchi zilizokuwa na hesabu za kuaminika. Na wastani wao ulikuwa miaka mingapi? Miaka 45 na kidogo tu. Hao ndio waliokuwa wa kwanza!

Tangu hapo mambo yalibadilika. Mwaka 2000 walioongoza walikuwa wanawake wa Japani, na wastani wao ulikaribia miaka 85. Yaani katika miaka 160 umri wa nchi iliyo mbele uliongezeka kwa miaka 40, kiasi cha miezi mitatu kila mwaka. Uumbaji wa watu haukubadilika katika muda huo. Kilichobadilika ni maji, chakula, nyumba, chanjo, dawa, shule na sheria za kazi.

Tuchukue jambo moja tu, la uzazi. Mwaka 1751, katika kila wazazi 100,000 wa Uswidi, walikufa kama 900. Mwaka 1900 walikufa kama 230. Uswidi ya karne hiyo haikuwa nchi ya matajiri. Watu wake wengi walikuwa wakikimbilia Marekani kutafuta riziki. Hawakuwa na dawa za penisilini, wala hospitali kila mahali. Walichofanya ni kuwafundisha wakunga, kuwaapisha, na kuwaweka vijijini ili wawafuate wazazi majumbani. Na katika miaka ya 1880 wakunga hao wakaamriwa kuosha mikono na vyombo vyao kwa dawa ya kuua vijidudu. Mkunga aliyefundishwa, sabuni na sheria: hivyo tu viliokoa maelfu ya mama.

Lakini msidhani ya kuwa umri ukianza kupanda haushuki wala hausimami. Jirani zao wa Denmark waliona jambo la ajabu. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 mpaka katikati ya miaka ya 1990, umri wa wanawake wao ulikwama pale pale, huku nchi nyingine zikisonga mbele. Wataalamu walipochunguza waliona sababu kubwa ni sigara. Wanawake waliozaliwa kati ya vita viwili vya dunia walikuwa wavutaji sana, na walipofika utu uzima moshi ukadai deni lake. Mama zetu wa hapa wengi hawavuti sigara, lakini anayekaanga samaki au kupika kwa kuni kila siku ndani ya banda lisilo na dirisha anavuta moshi bila kuununua, na moshi huo nao hudhuru mapafu na moyo.

HALI YETU SISI WA KENYA

Sasa turudi nyumbani. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilionyesha ya kuwa wastani wa umri wa watu wa Kenya, wanaume na wanawake pamoja, ulikuwa miaka 50. Mwaka 1979 ukawa 54. Mwaka 1989 ukafika 60. Tulikuwa tukipanda vizuri.

Halafu tukaanguka. Mwaka 1999 wastani ulikuwa umerudi karibu miaka 57. Sababu twazijua, maana tulizika. Ugonjwa wa UKIMWI uliogunduliwa nchini mwaka 1984 ulikuwa umeenea, na mwaka 1999 serikali ikautangaza kuwa janga la taifa. Wakati huo huo dawa ya klorokwini, tuliyoitegemea kwa malaria, ilikuwa imeshindwa na vijidudu.

Zilipokuja dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo, na dawa mpya za malaria, na vyandarua vyenye dawa kwa mama wajawazito na watoto, hesabu ikageuka. Katika hesabu ya mwaka 2019, wastani wa mwanamke wa Kenya ulikuwa miaka 66.5, na wa mwanamume miaka 60.6. Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: umri wa mama zetu wazidi. Binti anayezaliwa leo ana matumaini ambayo nyanya yake hakuwa nayo.

Lakini tusifurahi na kulala. UKIMWI haujaisha, na mzigo wake ni mzito zaidi kwa wanawake. Uchunguzi wa mwaka 2018 uliona virusi kwa wanawake 6.6 katika kila 100, na kwa wanaume 3.1. Na Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, wengi wetu tulitambua kwa mara ya kwanza ya kuwa sehemu kubwa ya pumzi zetu ilikuwa ikilipiwa na mwingine. Kilichopanda kwa msaada chaweza kushuka msaada ukiondoka.

KITANDA CHA UZAZI

Mambo mengi huua wanawake, lakini lipo moja ambalo si ugonjwa: kuzaa. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 ulionyesha wazazi 362 waliokufa katika kila vizazi 100,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha 355. Kumbukeni Uswidi: 900 mwaka 1751, na 230 mwaka 1900. Sisi tumo katikati ya hesabu hizo mbili. Leo Uswidi hawafiki hata 10.

Hatusemi kuwa hakuna lililofanyika. Tangu Juni 2013 kujifungua katika hospitali za serikali kulifanywa kuwe bila malipo, na baadaye ukaja mpango wa Linda Mama. Mama waliojifungulia hospitali na zahanati walikuwa 43 katika 100 katika uchunguzi wa 2008 na 2009, wakawa 61 mwaka 2014, na 82 mwaka 2022. Hilo ni jambo kubwa. Mama zetu walisikia, wakaenda.

Basi kwa nini vifo havikupungua kwa kasi ile ile? Kwa sababu kufika mlangoni si kupona. Mama hupotea kwa kuchelewa mara tatu. Huchelewa nyumbani, watu wakingoja mume au mzee atoe ruhusa. Huchelewa njiani, kwa kuwa usiku hakuna gari, na bodaboda haimfai mtu anayetoka damu. Na huchelewa hospitalini, akikuta hakuna damu, hakuna daktari wa upasuaji, au muuguzi mmoja ana wazazi wengi peke yake. Anayetoka damu baada ya kujifungua aweza kufa kabla ya saa chache kupita. Kwa mtu wa Kinondo anayetakiwa kufika Msambweni, au kupelekwa mbele zaidi mpaka Mombasa, kila robo saa ni uhai.

Na hapa tuseme neno moja kama wana chama. Mwaka 2017 madaktari walimaliza mgomo wa siku 100, kisha wauguzi wakagoma miezi mitano. Wagonjwa waliteseka, na wengi wetu tuliwalaumu. Lakini madaktari walikuwa wakidai mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013, na wauguzi nao walikuwa wakidai mapatano yao. Ahadi ya wafanyakazi ikivunjwa, gharama yake humfikia mama aliye kitandani. Muuguzi akipata haki yake, mama zetu nao huongezewa miaka.

KAZI NA TUMBO LA UZAZI

Sasa tuje kwenye kazi zetu wenyewe. Sheria ya zamani ya mwaka 1976 ilimpa mama likizo ya uzazi ya miezi miwili, lakini akiichukua, likizo yake ya mwaka ilipotea. Yaani kuzaa kulihesabiwa kuwa mapumziko! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa miezi mitatu kwa mshahara kamili, likizo yake ya mwaka haiguswi, na baba anapata wiki mbili. Mama anatakiwa kutoa taarifa kwa maandishi, siku zisizopungua saba kabla. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea.

Sheria nzuri. Lakini ni nani kati yenu anayeipata?

Twamjua mwenzetu mmoja aliyekuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya pwani hii. Hatutaji jina lake wala la hoteli. Alifanya kazi miaka 11. Kila masika ilipoanza na wageni wakapungua, aliambiwa aende nyumbani. Kila Julai aliitwa tena, akapewa karatasi mpya ya kibarua, kana kwamba hakuwahi kuonekana pale. Alipochukua mimba hakufukuzwa. Hakuitwa tena, basi. Hakuna barua aliyoweza kuileta kwetu, wala kosa aliloandikiwa. Alijifungua akiwa hana likizo, na wiki ya tatu alikuwa ameinama akifulia watu nguo ili apate unga.

Kifungu cha 37 cha sheria ile ile chasema ya kuwa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Kutandika vitanda katika hoteli si kazi inayokwisha. Kifungu hiki ni kifupi, lakini ndani yake mna likizo ya uzazi, akiba ya uzeeni na bima ya matibabu. Ndiyo maana tunasema ya kuwa neno "kibarua" katika karatasi ya mwanamke lamwondolea miaka ya maisha.

KUISHI SANA, NA KUISHI NA NINI?

Liko jambo la mwisho, nalo ndilo linalotusumbua zaidi. Tumeona ya kuwa wanawake huishi karibu miaka 6 kuliko wanaume. Na mara nyingi mke ni mdogo kuliko mumewe. Tuseme amemzidi miaka 6. Basi kwa wastani mama huyo atabaki mjane kama miaka 12. Na wala msidhani kuwa aliyefika 60 amebakiwa na 6 tu. Wastani ule ni wa mtoto anayezaliwa. Aliyekwisha kuvuka hatari za utoto na uzazi akafika 60, huwa mbele yake ana miaka mingi zaidi.

Ataishi na nini? Kwa miaka mingi, mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2023, mchango wa NSSF ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri. Fanyeni hesabu. Shilingi 400 kwa mwezi, miaka 20 bila kukosa, ni shilingi 96,000, tukiacha faida. Akistaafu na miaka 60 na kuishi mpaka 76, ni miezi 192. Kila mwezi atapata shilingi 500. Na huyo ni aliyechangiwa kila mwezi. Yule wa kuitwa Julai na kurudishwa Aprili ana pungufu ya hiyo, au hana kabisa.

Serikali huwapa wazee wa Inua Jamii shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini wanaanzia miaka 70. Kati ya 60 na 70 mama yetu afanye nini? Jibu mwaliona kila siku: anasuka makuti, anauza maandazi, na analea wajukuu ambao wazazi wao wako Mombasa.

Hata Uswidi waliliona tatizo hili. Mwaka 1913 walitunga sheria ya malipo ya uzeeni kwa watu wote, lakini mwanamke akapangiwa kidogo kuliko mwanamume, na sababu moja iliyotolewa ni kuwa wanawake huishi zaidi. Mtu aongezewe miaka, kisha apunguziwe chakula! Haikuwa haki kule, wala si haki hapa.

Sasa mchango umekuwa sehemu 6 katika 100 kwa mfanyakazi na 6 kwa mwajiri. Wengi mmenung'unika kwa kukatwa, na twawaelewa, maana mshahara ni mdogo. Lakini mwanamke ndiye wa mwisho kuichukia akiba hii, kwa kuwa ndiye atakayeihitaji kwa muda mrefu. La kulia nalo ni kukatwa pesa zisifike.

YATUPASA KUFANYA NINI

Kwa hiyo, ndugu, tunawawekea mambo haya myajadili na kuyapitisha:

Kwanza, kila mwanachama wa kike anayeitwa kibarua, na aliyefanya kazi zaidi ya mwezi mmoja mfululizo, alete karatasi zake zote kwa katibu wa tawi. Karatasi moja haisemi kitu. Karatasi za miaka 11 zikipangwa pamoja zinasema.

Pili, katika mapatano yajayo tudai ya kuwa mwajiri aendelee kulipa mchango wa bima ya afya, SHA, katika miezi ya masika. Mimba haifuati msimu wa wageni.

Tatu, mwenye mimba asingoje. Aandike barua mapema, apate nakala yenye muhuri. Asiyejua kuandika aje, tutamwandikia.

Nne, kila mmoja atazame akaunti yake ya NSSF walau mara moja kwa mwaka. Mwezi uliokosekana ukidaiwa leo waweza kulipwa. Ukidaiwa baada ya miaka 20, hata hoteli yenyewe huenda haipo. Tumeyaona mwaka 2020, hoteli zilipofungwa kwa ajili ya korona.

Tano, tawi lianzishe mfuko mdogo wa gari la usiku, ili mama wa Kinondo akishikwa na uchungu asitafutiwe nauli wakati damu inatoka. Mama karanga na wasio na mwajiri nao waruhusiwe kuuchangia na kuutumia.

Sita, mama wakapimwe kansa ya mlango wa kizazi, presha na sukari kabla hawajaumwa, na mabinti wa miaka 10 wapelekwe kupata chanjo iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019. Kansa hii huua mama wengi wa Kenya, nayo ikiwahiwa hutibika.

Akina baba mliokuja, msidhani haya ni ya wanawake peke yao. Miaka ya mkeo ni malezi ya wanao. Na zaidi ya hayo, pengo lile la miaka 6 maana yake ni kuwa nyinyi mnakufa mapema. Hilo nalo tutaliwekea siku yake.

Yule mzee aliyetuuliza swali yuko hapa, amekaa nyuma pale. Yeye ndiye aliyetuambia jana ya kuwa mama yake alizaa watoto tisa na kulea wanne. Bwana Mwenyekiti, kazi ya chama chetu ni kuhakikisha kuwa mama wa leo akizaa wanne, alee wanne, na uzeeni asihangaikie unga.

Katibu yuko mezani na daftari. Walio na karatasi zao waanze kwake kabla ya kunywa chai.

Umoja ni nguvu.